Choo Kisicho na Nzi

Kila siku kabla jua halijachomoza, wanawake wa nyumba ya Mzee Lukasi walikuwa wamekwisha kwenda kichakani na kurudi. Mbele alitangulia Costancia, mke wa mzee. Nyuma yake alifuata Yudith, mke wa mwana wao Beda, akitembea polepole kwa sababu ya ujauzito. Mwisho kabisa alikuwa Lea, binti yao wa darasa la sita, akipiga miayo na kukanyaga umande. Wakisharudi, ndipo Mzee Lukasi naye alipokohoa mlangoni, akachukua kopo lake la maji na kushika njia ya upande wa pili wa kichaka hicho, karibu na korongo. Kila mmoja alijifanya hajamwona mwenzake.

Na nyuma ya nyumba hiyohiyo, karibu na migomba, kilisimama choo kipya.

Tena kilikuwa choo cha kujivunia. Mzee Lukasi alikichimba kwa mikono yake, shimo refu hata ukitupa jiwe unalisubiri lifike. Alisiriba kuta kwa udongo mwekundu, akaezeka kwa nyasi, akachonga kifuniko cha mbao chenye mkono. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, na balozi hawezi kubaki nyuma katika agizo la serikali. Yudith alikifagia kila asubuhi kama alivyofagia uwanja. Kilikosa kitu kimoja tu, nacho ni mtu wa kukitumia.

Miaka hiyo ilikuwa ya vijiji vya ujamaa. Kijiji chao, Mgude, kilikuwa kipya, kando ya barabara itokayo Mikumi kwenda Kidodi. Kilikusanya watu wa kila namna. Kulikuwa na Wavidunda walioteremshwa kutoka milimani, Wasagara wa bondeni, na watoto wa vibarua wa mkonge kama Mzee Lukasi, ambaye baba yake alitoka Ubena kuja kukata mkonge Kimamba na hakurudi tena kwao. Watu hao walitofautiana katika mengi, kuanzia dini hadi namna ya kupika mboga. Lakini jambo moja walikubaliana bila kikao: mkwe ni mtu wa kuheshimiwa. Mwanamke hakai mkeka mmoja na baba mkwe wake, hali naye sahani moja, wala hapiti mahali alipotoka kuketi.

“Mama,” Lea aliuliza siku moja, “mbona hatuingii choo chetu?”

Costancia aliangalia huku na huku kabla ya kujibu. “Baba yako ataingiaje mahali ambapo mkwe wake anafagia? Na Yudith ataingiaje shimo analotumia baba mkwe wake? Watu wasioketi mkeka mmoja, waje wachangie shimo?”

“Basi mimi na wewe je?”

“Tumwache wifi yako aende porini peke yake, kama mtu asiye na kwao? Nyamaza, mwanangu. Na usiyapeleke maneno haya shuleni. Mambo ya wakwe hayazungumzwi mbele za watu.”

Kule milimani jambo hili halikumsumbua mtu. Nyumba zilikuwa mbalimbali na kila ukoo ulikuwa na pori lake. Hapa Mgude nyumba zilipangwa mistari kama wanafunzi gwarideni, na kichaka cha kujisitiri kilikuwa kimoja, juu ya mteremko. Chini ya mteremko huo ilibubujika chemchemi, ambako kijiji kizima kilichota maji.

Bwana Afya wa wilaya alikuwa amekuja na mchoro mmoja kwa watu wote: nyumba moja, choo kimoja. Alizungumza vizuri, akapigiwa makofi, akapanda Landrova yake akaondoka. Hakuuliza nani anaishi na nani. Na wafugaji wa Kimaasai waliokuwa na boma lao ng'ambo ya chemchemi hawakuitwa kabisa mkutanoni. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kondo, alisema wale ni watu wa kuhamahama, hawana nyumba za kuhesabika.

Shuleni, Mwalimu Regina aliunda kikundi cha afya, na Lea akawa kiongozi wake. Kila Ijumaa mchana alipita nyumba za upande wao kukagua vyoo. Alianzia kwao. Siku ya kwanza alipoinua kile kifuniko cha mkono, alikuta buibui amefuma utando juu ya shimo, mzima, haujatoboka hata kidogo. Hapakuwa na harufu wala nzi. Alichukua ufagio akauondoa utando. Katika nyumba ya pili akakuta utando mwingine. Ya tatu pia. Nyumba mbili tatu tu, zile za watu wasiokaa na wakwe, ndizo zilizokuwa na vyoo vyenye dalili ya binadamu.

“Nyumba za balozi Lukasi zikoje?” Mwalimu Regina aliuliza jioni, akiwa amesimama mbele ya kikundi.

“Vyoo vyote ni safi, Mwalimu. Hakuna hata nzi.”

“Hata nzi? Hongera! Na vinatumika?”

Lea alimkumbuka mama yake akiangalia huku na huku. “Vinatumika, Mwalimu,” akajibu.

Lilikuwa neno moja tu, na lilitoka kwa urahisi kuliko alivyotazamia. Wiki iliyofuata alilisema tena, na iliyofuata pia, mpaka likazoea njia yake. Kabla ya masika kuanza Bwana Afya alirudi, akafunua vifuniko, akanusa, akatabasamu. Kijiji cha Mgude kikapewa bendera ya usafi. Mzee Kondo aliipandisha mwenyewe mbele ya ofisi, na kina mama wakapiga vigelegele. Costancia alipiga kigelegele kifupi kisha akainamisha macho. Lea alimwona, akatamani siku hiyo iishe upesi.

Kisha mvua zikaja.

Masika ya mwaka ule hayakunyesha kwa adabu. Yalianza kwa ngurumo upande wa milima, yakamwaga maji mchana kutwa, na mteremko wote ukageuka mifereji. Maji ya chemchemi yalibadilika rangi yakawa kama chai ya maziwa. Watu waliyaacha yatulie mitungini, wakayanywa. Palipopita siku chache, harufu iliyokuwa ikikaa kichakani ilishuka hadi penye njia ya maji, na nzi wa kijani wakaanza kuonekana majumbani, juu ya vyungu na juu ya midomo ya watoto waliolala.

Wa kwanza kuugua alikuwa bibi mmoja wa nyumba za mwisho. Watu walisema ni uzee. Kisha wakaugua ndugu wawili mapacha, na watu wakasema ni maembe mabichi. Tumbo liliwakata, wakaharisha, macho yakaingia ndani. Shuleni madawati yalianza kuwa na nafasi. Mwalimu Regina aliita majina asubuhi, na kila aliponyamaza kusubiri mtu aitike, Lea aligeuka kulitazama dawati tupu.

Jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa Nikolaus, fundi baiskeli, na mkewe Teresia, wakiishi na wazazi wa Nikolaus. Mtoto wao Mathayo alikuwa darasa la kwanza. Lea ndiye aliyemshika mkono kila siku kwenda shule, maana Mathayo aliogopa mbwa wa njiani na hakutaka mtu yeyote ajue. Jumatatu alikuwa akikimbiza tairi uwanjani. Jumanne tumbo lilimkata, hakuamka. Alhamisi walimzika.

Lea hakulia makaburini. Alisimama nyuma ya mama yake akiangalia jeneza lililokuwa dogo mno, na kooni mwake neno lile moja, “vinatumika,” lilikuwa limekwama kama mwiba wa samaki. Alijua. Hakujua kwa hakika kama mwalimu anavyojua somo, lakini alijua kama mtu anavyojua kuna nyoka ndani ya nyumba kabla hajamwona. Maji yanateremka. Kichaka kiko juu. Alitaka kumwambia mtu, akamtazama baba yake katika kofia yake ya heshima, akajisogeza zaidi nyuma ya mama yake.

Kijiji nacho kilitafuta mwenye kosa, na anayetafuta hakosi. Mkutanoni Mzee Kondo alisimama chini ya bendera iliyolowa mvua.

“Ndugu zangu, sisi tuna vyoo,” alisema. “Mnavijua, na serikali imevisifu. Basi uchafu huu unatoka wapi? Unatoka kwa wale wasio na vyoo, wanaoingiza ng'ombe wao kwenye maji yetu!”

“Waondoke!” watu wakapaza sauti. Nikolaus, baba wa marehemu, alipaza kuliko wote, na nani angemlaumu? Mzee Lukasi hakupaza sauti, lakini mkono wake uliinuka pamoja na mingine.

Siku iliyofuata mgambo walikwenda kuwahamisha Wamaasai. Lea alikuwa penye chemchemi na ndoo yake walipopita na punda zao. Miongoni mwao alikuwa Nemburis, mama aliyeuza maziwa kijijini, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kifupi lakini kilinyooka. Kwa miezi mingi alikuwa akimmiminia Lea maziwa na kumwongezea kidogo. Leo hakumwita jina.

“Shikamoo, mama,” Lea alisema kwa sauti ndogo.

“Marahaba.” Nemburis alisimama. Mgongoni alibeba mtoto aliyekuwa amelegea. “Huyu pia anaumwa. Wazee wetu wanasema ninyi mmetia sumu majini ili tuondoke. Mimi sijui. Lakini ng'ombe wetu wanakunywa kule chini. Watu wenu kila alfajiri wanapanda kule juu. Wewe una macho.”

Akaenda zake. Lea alibaki na ndoo tupu mkononi. Alichota maji yale, kwa kuwa hapakuwa na mengine, akarudi nyumbani.

Ng'ombe waliondoka. Wiki ikapita bila kwato hata moja kukanyaga karibu na chemchemi, na watu wakapumua. Lea aliomba usiku na mchana iwe kweli kosa lilikuwa la ng'ombe. Halafu mvua kubwa ikanyesha tena Jumamosi, na Jumatatu wakaugua watu wengi kuliko mwanzo. Wa mwisho kuugua, Jumanne mchana, alikuwa Yudith.

Alikuwa akitwanga. Mchi ukamponyoka, akaketi chini taratibu, akashika tumbo lake kwa mikono miwili. “Wifi,” alimwambia Lea, “mwite mama. Usimwite baba.” Hata katika maumivu yale aliona haya baba mkwe amkute ameketi chini hivyo. Baadaye, Lea alipomlaza na kumpa maji, Yudith alisema kwa sauti ya kukauka, “Mtoto hachezi tangu asubuhi.”

Beda alikuwa katika mashamba ya miwa ya Kidodi. Hakungojewa. Vijana walifunga blanketi kwenye miti miwili wakafanya machela, wakambeba Yudith hadi barabarani katika matope, wakasimamisha lori la miwa lililokuwa likirudi tupu. Costancia na Lea walipanda nyuma pamoja na mgonjwa. Mzee Lukasi alipanda mbele na dereva, akitazama mbele tu. Mkwe wake alikuwa akizimika nyuma yake, naye hakuruhusiwa hata kugeuza shingo.

Zahanati walikofikia ilikuwa imejaa. Yudith alipata kitanda kwa kuwa mgonjwa mwingine alikuwa amekwisha kufunikwa shuka na kutolewa. Muuguzi aliyempokea aliitwa Hildegarda, mwanamke mrefu kutoka Bukoba, mwenye uso wa mtu aliyekosa usingizi. Alimtundikia maji ya mshipani, akamshika tumbo, akasikiliza mapigo ya mtoto kwa muda mrefu kwa chombo chake cha mbao. Lea alimtazama uso akitafuta jibu, hakuliona.

Mzee Lukasi hakuingia. Alikaa nje kwenye benchi, chini ya dirisha, na kofia yake ilionekana kidogo juu ya kizingiti.

“Mnatoka Mgude?” muuguzi aliuliza. “Kijiji chenye bendera?”

“Ndiyo, nesi,” alijibu Costancia.

“Ninyi mnanishangaza. Nusu ya wagonjwa hawa ni wa kwenu, na ugonjwa huu ni wa kinyesi kuingia majini. Vyoo mnavyo?”

“Tunavyo. Vizuri kabisa.”

“Vinatumika?”

Swali lilikuwa lilelile. Costancia alichezea ncha ya kanga yake. Lea alimtazama Yudith, midomo ikiwa imekauka na kupasuka. Kisha akaitazama ile kofia dirishani. Baba alikuwa anasikia kila neno. Kusema jambo la wakwe mbele ya mgeni, tena baba akisikia, kulikuwa kama kumvua nguo barabarani. Na kunyamaza je? Kunyamaza alikujua. Kulikuwa na kaburi dogo karibu na shule.

“Havitumiki,” Lea alisema.

“Lea!” mama yake alimkemea.

“Havitumiki, nesi. Vina utando wa buibui. Mimi ndiye niliyekuwa naufagia ili mkaguzi asiuone, na mwalimu nilimdanganya. Wifi hawezi kuingia choo cha baba mkwe wake, na baba hawezi kuingia choo anachofagia wifi. Nyumba karibu zote ziko hivyo. Sisi sote tunakwenda kichakani, juu ya chemchemi.” Hapo alianza kulia, machozi yote ambayo hakuyatoa makaburini. “Si ng'ombe. Ni sisi.”

Muuguzi alikunja uso. “Baba mkwe? Choo na mkwe vinahusiana nini?” Alimgeukia Costancia, na Costancia, kwa kuwa lililofichwa lilikuwa limekwisha kumwagika, akamweleza taratibu, kwa sauti ya chini. Hildegarda hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

“Mimi kwetu ni mbali,” alisema. “Nimehubiri vyoo mwaka mzima na sikujua. Kwa nini hakuna aliyetuambia?”

“Hakuna aliyeuliza,” alijibu Costancia.

Kofia iliondoka dirishani.

Safari ya kurudi kijijini ilikuwa ndefu. Costancia alibaki na mgonjwa, Lea akarudi na baba yake. Mzee Lukasi alitembea mbele bila neno hadi walipokaribia nyumbani.

“Umenivua nguo, Lea,” alisema bila kugeuka.

“Nisamehe, baba.”

Mzee Lukasi aliongeza mwendo. Siku zilizofuata hakumtuma kitu wala hakumwita jina. Lea alipika, akachota maji, akayachemsha kama muuguzi alivyomwagiza, na baba alikula peke yake. Kila alipomsikia mtu akikimbia barabarani alidhani ni habari kutoka zahanati. Hakuna adhabu aliyowahi kupewa iliyokuwa nzito kama ukimya ule.

Siku ya tatu Hildegarda mwenyewe alikuja Mgude, kwa baiskeli, viatu vikiwa vimejaa matope. Hakuitisha mkutano. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Lukasi, akapiga goti kidogo.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Mgonjwa?”

“Leo asubuhi alikunywa uji. Na mtoto amecheza, nimemsikia.” Mzee Lukasi alivua kofia, akaishika kifuani muda mrefu. Muuguzi akaendelea, “Mzee, sikuja kuwaambia mwache heshima yenu. Nimekuja kuuliza, heshima hiyo inataka choo kikae wapi?”

Lea alikuwa akisikiliza kutoka jikoni. Alisahau hata kuchochea moto.

“Swali hilo,” baba yake alisema hatimaye, “hatujawahi kuulizwa.” Akasogeza kigoda. “Keti, mwanangu.”

Hildegarda aliketi na wazee wa kiume upande mmoja, na siku hiyohiyo jioni akaketi na wanawake upande mwingine, kwa kuwa mambo hayo hayasemeki wote wakiwa pamoja. Kwa wanaume alipata kukohoa kwingi na maneno machache. Kwa wanawake, baada ya mmoja kufungua kinywa, hakupata nafasi ya kusema. Costancia alikuwa amerudi kwa siku moja kuchukua nguo, na ndiye aliyelitoa wazo.

“Mbona vyoo tayari tunavyo?” alisema. “Vyoo viwili kwa kila nyumba mbili zinazopakana. Kimoja tuwaachie wanaume wa nyumba zote mbili. Kingine kiwe chetu, tukifagie wenyewe. Baba mkwe na mkwe wake hawatakutana hata siku moja, na hakuna shimo jipya la kuchimba.”

Wanawake walitazamana, wakaanza kucheka, kicheko cha kwanza kijijini tangu masika yaanze. Ilikuwa rahisi mno, na ndiyo maana iliuma. Hata Mzee Kondo alipopelekewa wazo hilo, alikuna kidevu, akatafuta kasoro, asiione.

Walibaki wafugaji. Hildegarda alisema hatahesabu kazi imekwisha kama boma limeachwa nje, maana maji hayachagui kabila. Mzee Kondo na Mzee Lukasi waliandamana naye hadi ng'ambo ya korongo, walikohamia wafugaji, na Lea akafuata kwa kuwa Nemburis alimjua. Walipokewa kwa baridi. Mzee Moreto, mkubwa wa boma, aliegemea fimbo yake akasema kwa lugha yao, na Nemburis akafasiri.

“Anauliza, leo mmekuja kutuhamishia wapi?”

Mzee Kondo alisogea hatua moja mbele. Hakuwa mtu wa kuomba radhi. “Mwambie tulikosea. Ugonjwa haukutoka kwenu, ulitoka kwetu. Mwambie tumekuja kuomba radhi, na kuwaomba mrudi mahali penu.”

Nemburis alifasiri. Kisha Mzee Moreto akasema neno refu. “Anasema amesikia,” alieleza Nemburis. “Anasema watoto wetu wawili wamekufa. Hakuna mtu aliyetuambia kuchemsha maji. Redio yenu inasema Kiswahili, na mama zetu hawakijui. Kama kuna maneno ya kuponya, nipeni mimi, nitayasema kwa lugha yao.”

Hildegarda akamfundisha, neno kwa neno, mchana ule mzima. Wamaasai walisema shimo la kudumu haliwafai watu wanaohama, basi wakakubaliana juu ya jembe dogo, kufukia mbali na maji, na chai ya maziwa iliyochemka badala ya maji mabichi. Lea aliwaona kina mama wa boma wakimzunguka Nemburis na kumuuliza maswali, naye akijibu kwa lugha yao bila kusitasita.

Mwisho wa wiki, kijiji kilikusanyika. Mzee Lukasi aliomba kusema, akaanza kwa kuishusha bendera ya usafi akaikunja.

“Tutaipandisha tukistahili,” alisema. “Ndugu zangu, mficha maradhi kifo humwumbua. Mimi balozi nilichimba choo cha kuonwa na mkaguzi. Kila mmoja wetu alijua, kila mmoja alinyamaza, tukawabebesha wengine mzigo wetu. Binti yangu alipolisema, nilimkasirikia. Nilidhani ameniondolea heshima. Heshima gani, wakati mkwe wangu alikuwa anakufa kwa ajili yake?” Akamtafuta Lea kwa macho katikati ya watu. “Njoo nyumbani tule, mwanangu.”

Yudith alirudi kabla ya mvua kuisha, mwembamba, tumbo likiwa mbele yake. Choo cha wanawake wa nyumba yao na nyumba ya jirani kilikuwa uani kwa Nikolaus. Costancia alisema haifai kuingia uani kwa mfiwa kama kwenye shamba la wote, ni lazima kwanza waende kubisha hodi. Basi wakaenda watatu. Teresia, mama yake Mathayo, alikuwa akianua nguo. Kwenye kamba kulikuwa na kaptura ndogo ya shule ambayo hakuna aliyeihitaji tena.

Lea alikuwa amejiandaa kwa maneno mazuri, yakamkimbia yote. “Mama,” alisema, “nilijua kabla Mathayo hajaugua. Mwalimu aliniuliza, nikamdanganya.”

Teresia aliikunja kaptura ile, akaikunja tena, mpaka ikawa kitu kidogo kiganjani.

“Na mimi nilijua,” alisema. “Nilipanda kichakani kila alfajiri, nikashuka, nikamchotea mwanangu maji palepale. Tulijua sote, watu wazima, na tuliona haya. Wewe mtoto ndiye uliyesema.” Alimshika Lea bega. “Haya haijawahi kumwua mtu, Lea. Kunyamaza ndiko kulikoniulia mwanangu. Kesho na keshokutwa ukilijua jambo linaloumiza watu, liseme, hata kama anayesikia ni baba yako. Na ukikua ukawa wewe ndiye mwenye kufundisha watu, waulize kwanza wanaishije.”

Kisha akamgeukia Yudith, aliyekuwa amesimama bado nje ya ua akiona aibu kuingia.

“Pita, mwanangu,” alisema. “Njia ni hii.”